Thabai za Rani

Jumatatu, 6 Juni 2005
Bwana Kamlesh ameniita ofisini kwake leo, akafunga mlango. Nikajua nimefutwa kazi. Kumbe ni farasi! Ana farasi jike huko Karen, anaitwa Rani, manyoya yamefifia. Amesoma kwenye intaneti kwamba dawa ni thabai – yale majani ya kuwasha. Na mimi nakaa wapi? Mutuini. Basi kwa akili za bosi wangu, kila mtu wa Mutuini ana thabai mlangoni. Nilisomea uhasibu kwa ajili ya hii!

Masharti: zianikwe mpaka ziache kuwasha, ndipo Rani ale. Asije akaumia mdomo, maskini. Kuhusu mikono yangu intaneti haikusema kitu.

Jumanne, 7 Juni
Nimenunua kwa Wangeci, yule wa mboga karibu na steji. Aliniangalia tumbo kabla ya uso. Kwao thabai zinapondwa pamoja na viazi kwenye mukimo, na mwanamke akiwa na mimba analishwa aongeze damu. Nikamwambia ukweli mtupu: ni za farasi. Alicheka mpaka akashika meza. Eti yeye amezaa sita, farasi wa aina hiyo anawajua wote! Akaniongezea fungu la bure, la mtoto.

Nimezianika kwenye kamba ya nguo. Vidole vinawaka moto.

Ijumaa, 10 Juni
Baridi, jua hakuna, thabai hazikauki. Plot nzima, wapangaji wote, inapita chini ya kamba, inatazama juu, kisha inanitazama mimi. Mama Peres wa mlango wa pili – hajawahi hata kunisalimia tangu nihamie – ameniletea uji wa wimbi. Naliaka, usiinue ndoo, akasema. Nikamwambia ni za farasi. Akanipigapiga bega. Uji nimekunywa. Ulikuwa mtamu, ningefanyaje?

Chache nilizokausha juu ya jiko nimempelekea bosi, anasema Rani anazipenda sana. Sasa anataka gunia kila Jumamosi, atakuwa akilifuata mwenyewe na gari.

Jumapili, 12 Juni
Kanisani, na umbea umeshatangulia. Wazee wa kwaya wameniomba nipumzike kidogo, sauti ya kwanza itaongozwa na Veronicah. Kwa upole kweli! Nikasema tena: ni za farasi. Wakainamisha vichwa, wakaniombea. Waliombea na huo uongo pia.

Na Zedekiah? Mchumba wangu wa miaka mitano, fundi stima wa Kinoo. Kila nikimuuliza ataenda lini Bungoma kumwona Baba, ananiambia ngoja mambo yakae sawa. Mambo yamekuwa yakikaa sawa tangu mwaka wa 2000. Leo alijificha nyuma ya gitaa lake, hakuniangalia, hakuniuliza hata neno moja. Nimelia njiani nikirudi. Haya, nimelia! Kwani nani atasoma hii?

Jumatano, 15 Juni
Bosi ameleta picha ya Rani, ameizungusha ofisi nzima. Anang'aa kama kiatu cha polisi! Anapigwa brashi kila asubuhi, anafunikwa blanketi, hakuna anayemwambia angoje. Nimemwonea wivu farasi. Nimefika hapo.

Zedekiah kimya. Hata SMS hakuna.

Jumamosi, 18 Juni
Naandika jikoni, haraka haraka, chai iko motoni inachemka. Zedekiah yuko sebuleni. Na baba yake mdogo! Amevaa suti! Wamekuja bila kuniambia, na jogoo amefungwa miguu. Zedekiah amesimama mbele ya mzee akasema yeye si mtu wa kukimbia. Mwezi wa nane wanaenda Bungoma. Mzee ameshauliza barabara ikoje. Kisha Zedekiah akaangalia dirishani, zile thabai kwenye kamba, na machozi yakamlengalenga.

Miaka mitano ya mapenzi haikumwinua kitini. Mboga imemwinua!

Nikafungua mdomo nimwambie. Wangeci nilimwambia, Mama Peres nilimwambia, kanisa zima nililiambia, hakuna aliyeamini. Huyu angeniamini. Nikawauliza wanatumia sukari ngapi.

Nina hasira naye, ningemmwagia hii chai. Na ninamtaka, Mungu wangu, ninamtaka sana. Jinsi alivyomtazama yule mzee! Sijawahi kumwona amesimama hivyo. Nimwambie sasa? Ama baada ya chai? Baada ya Bungoma?

Baada ya chai.

Simu yangu inalia – nimeiacha sebuleni, iko kwenye chaji! Na leo ni Jumamosi. Gunia! Bwana Kamlesh akipiga huwa hangoji salamu.

Zedekiah ameipokea. Namsikia, adabu tupu: ndiyo, hii ni ya Naliaka, yuko jikoni, mimi ni mume wake mtarajiwa, nimpe ujumbe gani?

Nimezima jiko nisikie vizuri.

"Farasi gani?"