Lulu na Waendao kwa Miguu

Jumamosi, 2 Julai 1955

Skuli imefungwa, nipo shamba Kizimbani kwa Ami Muhiddin, ndugu wa baba. Mguu wake umevimba, hawezi kupanda farasi tena, na Lulu anazidi kunenepa bandani. Nikamwambia nitampanda mimi. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaona sicheki.

Sharti lake: njia ya msituni tu, nivae kanzu na kilemba chake, mdomo niufunge. "Siku mtu akikujua, binti yangu, farasi nnamuuza. Sitaki maneno." Nimekubali. Kwa Lulu ningekubali hata kuvaa gunia.

Mkewe, Bi Mwanakheir, shughuli yake ni moja: Hamad. Posa yake kwangu ililetwa mfungo mosi, mara baada ya Idi, jibu linangojwa.

Jumatatu, 4 Julai

Tumepanda kilima mpaka juu kabisa. Lulu haambiwi, goti likimgusa tu anajua. Mgongoni pake sina mposaji, sina umri.

Halafu — Wazungu, wanatembea. Hawaendi kokote. Hawana kuni, hawana mgonjwa wa kumtazama. Watu wazima wenye motokaa zao, wametoka mjini kuja kupanda kilima kwa miguu, soksi mpaka magotini na kila mmoja na fimbo. Bibi mmoja alitaka kumpa Lulu biskuti. Nikapita. Njia ni nyembamba, wakajibandika kwenye miti kama nguo zilizoanikwa.

Jumatano, 6 Julai

Bi Mwanakheir karudi kutoka mjini na habari, kaibeba kama sahani ya halua: Hamad siku hizi anafuatana na wakubwa wake wa ofisini. Kila Jumapili wanamchukua kutembea nao msituni. "Wanamwita yeye, si mwengine." Nikauliza, anabebeshwa nini? Kanikata jicho. "Ulimi huo utakuzeesha kwenu."

Namjua Hamad tangu chuoni, tukisoma Kurani. Alikuwa akimwogopa jogoo wa mwalimu. Mtu wa ndiyo bwana. Mkubwa akimwambia mvua inanyesha, atafungua mwavuli kwanza, mbingu atazitazama baadaye.

Jumapili, 10 Julai

Mwenye akili leo angebaki nyumbani. Mimi nilitaka kumwona akibeba.

Nikamwona. Kikapu cha yule bibi, na koti la mumewe juu yake. Kaptula! Miguu ile ingefaa isitiriwe. Wenziwe wakapisha, yeye akabaki katikati ya njia. Nikamsogeza Lulu, nikijua atakimbilia majanini. Hakukimbia. Alikitua kikapu chini, akasimama palepale.

"Bwana," kasema, "aliyepanda ndiye anayemsalimia anayetembea. Au huko kwenu hamkufundishwa?"

Ni kweli. Tumefundishwa pamoja, mkeka mmoja. Na mimi siku zote hizi nawapita watu kama navyoipita miti.

Bibi akauliza kwa Kiingereza kuna nini, mbona hatuendi. Hamad akamjibu angoje. Hamad, amwambie mkubwa angoje.

Ningeweza kumtia Lulu kisigino nikapita. Angemkanyaga. Na nikifungua mdomo, sauti yangu anaijua: miaka mizima chuoni nilikuwa nikimsahihisha kila aya. Akinijua, Lulu anauzwa.

Nikasema. Assalamu alaikum. Nilijaribu kuifanya nzito, ikatoka ileile yangu.

Alinitazama machoni. Kisha akaitikia yote, waalaikumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh, bila ya kupunguza hata neno. Akasogea pembeni. Nikamsikia nyuma yangu akiwaambia wenziwe ni kijana wa shamba, ana haya.

Nimerudi nikimdharau njia nzima. Haikunisaidia kitu.

Alasiri. Amekuja. Peke yake, kanzu safi, kofia. Bi Mwanakheir anahangaika na vikombe, hajui acheke au alie, anadhani mwanamume kaja kudai jibu la posa. Yupo barazani na Ami. Nasikia sauti mbili kupitia dirishani, maneno siyapati. Ami hacheki. Mara Hamad anasema tena, polepole, kama mtu anayesoma aya asiyoihifadhi vizuri.

Sasa Ami kaniita. "Shemsa! Mtoe Lulu, umlete hapa mbele."

Nimeitika naam. Sijainuka. Hakusema nivae nini: kilemba chake au buibui langu.