Mwambie Kiplagat Angoje

Bumula Sokoni,
Jumatano, 14 Septemba 2005.

Kwa dada yangu mpendwa Jepkoech,

Pokea salamu zangu kutoka Bumula, zikufikie hapo Kiminini wewe, mama na kila aliye chini ya paa lenu. Natumaini mguu wa mama umepata nafuu na mahindi yenu yamekomaa vizuri. Hapa ndipo huwa naandika kwamba mimi ni mzima, biashara inaendelea na namshukuru Mungu. Leo siandiki hivyo. Mimi si mzima, dada.

Barua yako niliipata Jumatatu, na nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kupasuka. Unasema tangu Mama Wakonyo akufukuze kule Kibomet, miezi minane sasa, unapalilia mashamba ya watu. Unasema mama amekubali mumuuze mtamba wenu, Kiplagat anakuja kumchukua Jumamosi, nawe ununue cherehani uje tujiajiri pamoja hapa. Tena unaniuliza kama njia hii inakufaa, kwa kuwa mimi nimeipitia nikafaulu. Nitakujibu. Lakini kabla sijakujibu, tafadhali mwambie Kiplagat angoje.

Wajua tulivyofanya kazi kwa Mama Wakonyo. Yeye ndiye aliyeshika mkasi. Sisi tulipewa vipande vilivyokwisha kukatwa, tukaviunganisha, mkono hapa, kola pale. Miaka tisa nilishona sare za shule, mshono wangu ukanyooka hata akanisifu mbele ya wateja, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikajiona fundi kamili. Nikajiuliza kwa nini nimtajirishe mtu mwingine ilhali mikono ni yangu. Wewe ndiye uliyekuwa ukibaki jioni, ukiokota mabaki chini ya meza yake, ukiyapanga na kumuuliza kwa nini kichwa cha mkono, pale unapoungana na bega, hukatwa hivi na si vile. Mimi nilikucheka. Nilikuita mwanafunzi wa takataka, unakumbuka?

Hapa Bumula nilianza vizuri, sitakudanganya. Muhula wa kwanza nilishona sare mpaka vidole vikafa ganzi, nikakuandikia zile barua za majivuno. Kisha mwezi wa nane Mama Nanyama, mwenyekiti wa kwaya ya akina mama kanisani kwetu, akaniletea kitambaa cha magauni thelathini ya kuvaa siku ya mkutano wao mkubwa. Walikichangia tangu Pasaka, wengine waliuza kuku. Sikuwa nimewahi kukata nguo ya mtu mzima, na sikusema. Nilichukua kipimo cha mtoto wa darasa la nane, nikaongeza inchi mbili kila ukingo, hata wa shingoni na wa kwapani, nikakunja kitambaa tabaka kwa tabaka kama nilivyomwona Mama Wakonyo akifanya, nikakata yote kwa pamoja. Kosa moja likawa makosa thelathini.

Jumamosi iliyopita walikuja kujaribu. Shingo hazikupita vichwani. Wachache waliofaulu kuyavaa hawakuweza kuinua mikono, na kwaya yenyewe ni ya kupiga makofi. Mwanzoni walicheka, wakasema ati Rispah amewafunga pingu. Halafu wakaanza kuyavua. Mama Nanyama alipapasa mshono wa ubavuni, akasema kwa upole kwamba, bana, kushona najua, ila hapo hakuna nguo. Afadhali angenitukana. Wamenipa mpaka mwisho wa mwezi niwarudishie kitambaa, la sivyo watachukua cherehani. Tangu siku hiyo nimefunga mlango. Watu wakipiga hodi nakaa kimya sakafuni kati ya magauni, nikisikia wakiulizana kama nimehama. Nimekata tamaa, Jepkoech. Chakula hakipiti, maombi nayo nayaanza nashindwa kuyamaliza.

Utauliza, kama sijui kukata, zile sare za muhula wa kwanza nilizikataje. Hapo ndipo ninapokwama tangu Jumatatu, naandika nachana, naandika nachana. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia hapa.

Zile karatasi za kukatia za Mama Wakonyo, zenye umbo la kila kipande cha sare, alizozikata kwenye mifuko ya simiti, zilizopotea mwishoni mwa mwaka, ni mimi niliyezichukua. Siku yangu ya mwisho kazini nilizikunja nikazificha tumboni chini ya sweta, nikamuaga kila mtu nikitabasamu. Alipozikosa, alimkumbuka yule aliyezoea kubaki karibu na meza yake, naye ni wewe. Uliponiandikia kwamba umefukuzwa kwa jina la mwizi, nilikujibu nikakupa pole. Ile pole niliiandika karatasi zenyewe zikiwa juu ya meza yangu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi ndiye niliyekuwa nguoni mwako.

Sasa nimezifunga zote katika kifurushi hiki. Anakuletea mama mmoja wa sokoni anayefuata kabichi Kiminini kesho. Zipeleke Kibomet, na barua hii uipeleke pia, Mama Wakonyo aisome kwa macho yake mwenyewe. Akitaka kunishtaki, anajua nilipo. Siombi unisamehe kwa barua. Nitakuja mwenyewe, ikiwa utanifungulia mlango.

Na jibu la swali lako ni hili. Kwangu mimi kujiajiri hakukufaa, kwa sababu nilikimbilia kuitwa bosi kabla sijawa fundi. Kwako wewe sijui, wala sistahili kukuamulia tena. Ndiyo maana nimetia gauni moja ndani ya kifurushi. Lifumue, ulitandaze mezani, ulitazame. Mimi nimelitazama siku nne na mpaka sasa sielewi ilikuwaje nikaongeza kitambaa na shingo ikazidi kubana. Ukiliona kosa, basi muuze mtamba, ufungue duka lako mwenyewe, mbali na jina langu. Usipoliona, mwache mtamba azae.

Msalimie mama sana. Uliniandikia kwamba naye alikuuliza, mara moja tu, kama kweli ulizichukua, na kwamba tangu hapo hamjalizungumza tena. Basi keti naye umsomee barua hii yote, usiruke neno, hata pale inaponiaibisha. Ajue mwanawe hakuiba.

Ni mimi niliyekukosea,
Rispah