Namba Niliyompa Gregori

Jumapili, 6 Julai 2025
Gregori amefariki alfajiri, Korogwe. Aliyenipigia ni Yasinta, binti yake. Nimekaa kitandani na simu mkononi, sijui hata nivae nini. Miaka thelathini tumefundisha hesabu shule moja hapa Handeni. Yeye Mnyamwezi wa kambi za mkonge, mimi Mzigua — watani. Siku anastaafu nilimpa zawadi, namba kwenye karatasi: 99,799,811. Nikamwambia hii ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Hakikisha!

Uongo. Niliitengeneza mwenyewe.

Jumanne, 8 Julai
Tumemzika, makaburi ya Masuguru. Watu walisubiri mtani niseme neno la kuchekesha. Nikatupa udongo, nikarudi nyuma.

Alhamisi, 7 Agosti
Yasinta kapiga. Marehemu kaacha madaftari kumi na moja. Kuhakikisha namba ile, unaigawa kwa kila namba tasa mpaka kwenye kipeuo chake cha pili. Jumla 1,229. Aligawa moja kila asubuhi, kwa kalamu, Jumapili anapumzika. Miaka minne! Simu hakutaka iguse kazi hiyo. Kamaliza 1,228, zote zinaacha baki. Imebaki moja tu, 9,973. Aliagiza kwamba ikithibitika tasa, iandikwe kaburini. Wanajengea kaburi tarehe kumi na sita, wanaomba nigawe mimi.

Nikasema sawa. Mjinga mimi. Hiyo 9,973 ndiyo yenyewe, niliizidisha kwa 10,007 nikapata namba ile. Nilichagua ya mwisho makusudi, ahangaike weee, kisha anipigie anitukane, tucheke. Nilidhani atachoka ndani ya wiki. Nimemwibia asubuhi zake zote.

Ijumaa, 15 Agosti
Nikisema kweli, mjane atajua mumewe kamaliza uzee wake kwenye mzaha wangu. Nikinyamaza, uongo wangu unakaa juu yake kwenye saruji. Na mimi najiita mwalimu.

Jumamosi, 16 Agosti
Niko makaburini. Naandika hapa hapa, wanadhani bado nagawa. Nimeshagawa. Baki sifuri.

Mjane, Filomena, kasogeza kiti karibu. Kaniambia taratibu: shemeji, wiki tatu za mwisho mwenzio alikuwa hagawi. Anafungua daftari, anatazama, anafunga. Nikimuuliza anacheka, anasema hii ya mwisho mwachieni mtani wangu Sharifu, aje agawe mwenyewe mbele yenu. Filomena anasema hakuelewa kilichokuwa kinamchekesha.

Alijua ya mwisho haiachi baki. Kajua, kaninyamazia, kanirudishia mzaha wangu. Na mimi sina wa kumpigia nimtukane. Nalia, karatasi inalowa. Yasinta kaniletea maji, ananiambia pole baba, usiharakishe.

Saruji inaanza kukauka. Fundi Jacob kachuchumaa na msumari mkononi. Anauliza namba inaanza na ngapi.

Nimesema tisa.