Pingili Nilizompelekea Mwanaidi

Jumamosi, 6 Septemba
Daftari, hujambo? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila mgongo. Asubuhi nimeng'oa mihogo ya nyuma ya nyumba, hapa kijijini Janga. Mashina manne. Kukata mihogo yake, ndani kahawia, pakavu, pagumu. Nikatupa. La tano vilevile. Na majani yake mazuri, kijani. Sielewi.

Jumatatu, 8 Septemba
Bibi shamba amekuja. Binti mdogo, ana adabu. Kapekua majani ya chini, yale yenye manjano. Mimi nilijua ni uzee tu. Kumbe ni ugonjwa, unaitwa michirizi ya kahawia.

Nimemuuliza ugonjwa umefikaje mzizini na shina linaonekana zima. Naandika alivyonieleza, nisisahau. Jani limejengwa kwa chembe hai ndogo zisizoonekana, kama vyumba vya nyumba ya kupanga. Kwenye kuta kuna vitundu. Humo chembe hupeana sukari na kupashana habari, jirani kwa jirani. Kirusi kinacholeta ugonjwa huu hakivunji ukuta. Kinavitanua vitundu vilevile, kinapita chumba hadi chumba, kisha kinashika njia ya chakula mpaka chini.

"Kwa hiyo mama, pingili ya mbegu ukiikata hapo, inaondoka nacho."

Akauliza kama kuna mtu nimempa mbegu. Nikasema nitakumbuka. Nimedanganya. Hakuna cha kukumbuka, ninamjua.

Jumanne, 9 Septemba
Mwanaidi. Mdogo wangu, Kisarawe. Mjane, analea wajukuu wawili. Vuli iliyopita aliniomba mbegu. Kwetu mbegu ya muhogo haiuzwi. Unampa mtu, tena unampa iliyo bora. Nikaiacha miti yenye batobato, ile ya majani yaliyojikunja, nikachagua iliyonyooka. Mizigo mitatu. Nilijisifu, Mungu anisamehe. Ndiyo shamba lake lote.

Jumatano, 10 Septemba
Nimempigia. Nikauliza hali, nikakata simu. Mimi mwoga.

Alhamisi, 11 Septemba
Nimefika Kisarawe kabla ya adhuhuri. Shamba limesimama, linapendeza. Nimesema muhogo wangu umekuwa mgumu, Mwanaidi kanicheka, eti nimefuata muhogo wake kwa sababu wangu umeota mawe. Nilipomweleza habari ya ugonjwa, akasema bibi shamba wetu hana kazi ya kufanya. Nikang'oa shina moja bila kuomba ruhusa, nikakata muhogo wake. Kahawia. Akaninyang'anya kisu, akakata mingine sita mwenyewe. Akakaa chini, palepale kwenye udongo.

Halafu akaniambia masika alipunguza matawi, akawagawia majirani. Nyumba nne. Nikasema twende tukawaambie, mvua hazijaanza, wasije wakapanda tena.

"Nikawaambie dada yangu kaniletea ugonjwa, na mimi nikawapelekea? Halafu hapa nitaishi na nani?"

Nikasema nitasema mimi.

"Ukienda, dada, usirudi kwangu."

Nimekwenda. Nyumba zote nne. Watatu walinisikiliza, mmoja hata kanipa maji. Wa nne aliuliza mbona Mwanaidi hakuja mwenyewe. Nikasema kosa ni langu, yeye hana hatia. Sijui kama aliniamini. Niliporudi mlango umefungwa. Mkoba wangu uko nje juu ya kigoda. Nikabisha hodi mara tatu, nikaondoka.

Ijumaa, 12 Septemba
Nimeswali. Sina utulivu. Ningenyamaza ningekuwa na mdogo wangu leo. Nimelifikiria hilo hata kwenye sijida. Naona aibu.

Jumapili, 14 Septemba
Nimemaliza kung'oa shamba langu. Miti nimeichoma. Bibi shamba ameahidi mbegu safi, nimemwomba sehemu ya Mwanaidi itoke kwanza.

Mwanaidi hapokei simu. Nimemwandikia ujumbe huu:

"Mdogo wangu, assalamu alaykum. Hujambo? Wajukuu hawajambo? Mbegu safi zikipatikana sitazileta mimi, bibi shamba wa huko atakuletea. Shamba usiniambie habari zake. Niambie tu kama leo mmekula. Nijibu mapema, tafadhali."