Samaki Mnono wa Babu Yako

Hapana, Sifa mjukuu wangu, babu yako hakusema hata siku moja kwamba alijuta kwenda kufanya kazi Brazzaville. Tonton wako, yule mwanangu aliyeugua, amepona, anakusalimu.

Miaka hiyo ya hamsini tulikuwa maarusi, nami nilimpenda sana babu yako, fundi wangu wa injini za meli. Aliporudi kutoka Brazzaville, alikimbilia maporomoko ya Wagenia, kwao, kusimika nguzo za mitego ya samaki pamoja na ndugu zake. Mdogo wake akamwonyesha kaka yake pa kukaa, akicheka: “Ikala pale, yaya. Mugeni hawezi lowana.” Wakamchagulia samaki mnono kuliko wote. Alimla, macho yakiwa kwenye nguzo.

Kabla mwezi huu kwisha nitakuja huko Kigali unakofanya kazi. Uniachie sombe, yale majani ya muhogo, nitwange mwenyewe.