Picha ya Pili kwenye Ukuta wa Mama

Dutwa,
S.L.P. 63,
Bariadi.
6 Oktoba 1996

Mpendwa mdogo wangu Nancy,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa shemeji yako Luhaga. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mtoto, na yale mafua uliyoyaandika yawe yamekwisha. Sisi huku ni mhola tu, salama. Machibya ametimiza miezi kumi, ameota meno manne na ananiuma nayo yote manne. Sayi yuko darasa la sita. Wale wawili wa katikati kazi yao ni kula na kugombana.

Mama naye hajambo, ila macho. La kushoto limeziba kabisa, na la kulia anaona umbo la mtu tu, sura hawezi kuijua mpaka asikie sauti. Zahanati walisema ni mtoto wa jicho na kwamba hospitali kubwa wanauondoa ugonjwa huo. Mama amekataa. Anasema atakwenda kupasuliwa siku ambayo Nancy atakuja kumshika mkono. Mimi niliyempeleka zahanati mara tatu nilikuwa nimeketi palepale nikimsikiliza.

Mvua bado, lakini pamba ya mwaka huu imepata wanunuzi wengi. Zamani tulikijua chama cha ushirika peke yake. Sasa kila kampuni imekuja na mzani wake na turubai lake, na kila karani anakuita shangazi ili umpelekee gunia lako. Kampuni moja ngeni, kwa kutaka kupendwa, ikaamua kutuandalia mbio, na hapo ndipo habari yangu inapoanzia.

Lakini nirudi nyuma kidogo. Mwezi wa tano kaka Paschal alinitumia ujumbe kwamba Mama ananiita nyumbani Migato, niende upesi. Niliacha pamba imepasuka shambani, nikambeba Machibya, nikapanda lori, njia nzima nawaza nani amekufa. Nilipofika nikamkuta Mama amevaa kitenge chake cha kanisani na hakuna msiba wowote. Alichoniitia ni picha yako. Ile uliyopigwa baada ya mbio ndefu za huko Dar, wewe na watu wa ofisini kwenu, na bukta yako ya bluu na medali shingoni. Paschal alikuwa ameshaitilia fremu na kioo, na wameipigilia pale ilipokuwa kalenda ya parokia. Mimi nilikuwa nimekuja na sabuni, sukari na mchele mpya wa Nassa. Mama alilisukuma kapu kwa mguu, akanishika mkono na kunisimamisha mbele ya ukuta.

Nancy, nakuambia wazi kwa kuwa wewe ni damu yangu: nilikuonea wivu. Wala si ule wivu wa kutania. Hata ugali wa wifi Jenifer sikuumaliza. Nilitazama miguu yako nikitafuta kasoro, sikuiona. Nikatafuta tumbo la uzazi, halipo. Nikajisemea kimoyomoyo kwamba huyu ana mtoto mmoja, ana msichana wa kazi, na maji yake yanatoka bombani ndani ya nyumba, ningekuwa yeye hata mimi ningekimbia. Halafu Mama, ambaye hiyo picha haioni, akaniuliza kama naiona vizuri au nisogee karibu.

Basi mwezi wa sita ile kampuni ikabandika tangazo kwenye ghala la pamba. Mbio za kilomita arobaini na mbili kama zile zako, kutoka Bariadi mjini kuja upande wetu wa Dutwa na kurudi, wanaume na wanawake, na kila atakayemaliza atapewa medali. Zawadi za washindi wala sikuzisoma. Nilisoma neno medali mara mbili, nikaandikisha jina langu kwanza, ndipo nikaenda nyumbani kumwambia Luhaga.

Hakunikataza. Alisema, "Kimbia, mama Sayi, lakini uji wa watoto usiungue." Baada ya wiki moja nilimkuta anaukoroga mwenyewe, mlango wa jikoni ameufunga asionekane na wenzake.

Mazoezi yangu usiyafananishe na yenu ya jioni pale ufukweni. Mimi nilikuwa nachomoka alfajiri kabla mtoto hajashtuka, nakimbia hadi kwenye lambo la ng'ombe na kurudi, halafu maji, halafu ziwa la mtoto, halafu shamba. Siku ya tatu tu mambo yakaharibika. Jirani mmoja aliniona nakimbia na kitenge kiunoni, na wewe unajua huku kwetu mwanamke mtu mzima hakimbii barabarani asubuhi isipokuwa amefiwa au amevamiwa. Akapiga mwano. Mimi niliposikia yowe lile nikajua wezi wa ng'ombe wameingia, na asiyeitika mwano Sungusungu wanamtoza faini, basi nikaongeza mwendo niende kusaidia. Wanaume wakatoka na fimbo na pinde, wananifuata mimi, nami nawafuata wezi. Tulifika lamboni tunahema wote. Kamanda wao akaniuliza, "Mwizi yuko wapi?" Nikamwambia, "Na mimi nilikuwa nataka kuwauliza ninyi." Luhaga alitozwa jogoo kwa kuwa na mke anayesumbua kijiji.

Mama sikumwambia chochote, wala Paschal, maana mdomo wake unaujua. Nilijua Mama angenikataza, lakini hiyo haikuwa sababu yenyewe. Nilitaka siku moja niingie na picha yangu mkononi, ina fremu na kioo, niipigilie kando ya yako bila kusema neno. Kisha nikae nisubiri aniite mbele ya ukuta. Miezi mitatu nilikimbia nikiitazama siku hiyo tu.

Mbio zilikuwa Jumamosi, mwanzoni mwa mwezi wa tisa. Wanawake tulikuwa kumi na saba, wengine wasichana wa sekondari wenye miguu kama yako. Nilivaa fulana ya kampuni, sketi juu ya bukta, na raba za mitumba nilizozipata mnadani, ya kushoto kubwa kidogo nikaijaza kitambaa. Kilomita za mwanzo niliziona nyepesi, nikawapita watatu, nikaanza kukudharau. Nilisema kumbe hiki ndicho kilichompa Nancy ukuta mzima.

Mahali pa kugeukia palikuwa karibu na nyumbani kwetu, na huko ndiko nilikopanga na Sayi anisubiri na mtoto. Kufika, maziwa yameshalowesha fulana. Nikakaa kwenye jiwe pembeni mwa barabara, nikampokea Machibya, nikamnyonyesha. Mwamuzi alikuja na kipenga chake akasema, "Mama, huruhusiwi kupokea msaada njiani." Nikamjibu, "Mimi sijapokea kitu, mwanangu. Mimi ndiye ninayetoa." Akafungua karatasi zake akasoma mbele na nyuma, hakuna mahali palipokataza kunyonyesha. Akasimama akaangalia upande wa ng'ombe mpaka nikamaliza ziwa la pili. Wale watatu niliokuwa nimewapita wakanipita, na wengine wanne juu yao.

Kurudi Bariadi sitaki kukudanganya. Jua lilikuwa kali, paja la kulia lilikaza, ukucha wa kidole gumba uliondoka na kile kitambaa. Mara mbili nilikaa chini. Nilimkumbuka Mungu, niliwakumbuka watoto wangu, lakini aliyeniinua si mmoja wao. Ni wewe na ile bukta ya bluu. Nilisema nikiishia hapa atabaki peke yake ukutani mpaka Mama afe. Nikasimama nikaendelea, nalia huku natembea, kisha nalia huku nakimbia.

Nilipoingia uwanjani turubai lilikuwa linashushwa na sanduku la medali limeshapakiwa garini. Luhaga alikuwa amesimama na baiskeli mbele ya gari hilo, amekataa kuwapisha. Karani akateremka akanivika medali. Joakim mpiga picha alikuwa amebakiwa na picha moja kwenye filamu, akanipiga. Nilikuwa wa kumi na nne kwa wanawake. Wewe uliandika kwamba ulitumia saa tano na dakika kumi. Mimi saa tano na dakika ishirini na nane. Toa muda wa kunyonyesha, hesabu mwenyewe.

Filamu ilikwenda kusafishwa Mwanza, picha ikarudi baada ya wiki mbili. Nimetoka vizuri, Nancy. Nimekonda, nimeshika kiuno, medali inaonekana. Nilimpelekea fundi akaitengenezea fremu pana kuliko yako kwa nusu kidole. Jumapili iliyopita baada ya misa tukaenda Migato, mimi, Luhaga, Sayi na mtoto. Paschal alikuwa mnadani. Nikaipigilia mwenyewe, nikakaa kwenye kiti.

Mama alisikia nyundo, akaja. Akaisogelea hadi pua ikagusa kioo, akapapasa fremu, akauliza, "Ana medali?" Nikasema anayo. Akatabasamu mpaka meno yakaonekana. Akasema, "Nancy wangu. Amekimbia tena."

Nikamwambia, "Mama, huyo ni mimi." Akadhani natania. Nikarudia. Akanigeukia taratibu akasema, "Acha, mayu. Wewe una watoto wanne na mmoja bado ananyonya. Utakimbia saa ngapi?" Nikavua medali nikamwekea kiganjani aishike. Akaifunga kwenye pindo la kitenge, akanishukuru kwa kumfikishia mzigo wa Nancy.

Sayi alisema kila kitu, jinsi alivyoniletea mtoto barabarani, na bibi yake akajibu kwamba nimemfundisha. Shahidi mkubwa alikuwa Luhaga, naye ameketi nje kwenye ua. Utamwambia nini? Mkwe hawezi kuingia ndani akaketi mbele ya mama mkwe wake kubishana juu ya picha ya mkewe aliyevaa fulana iliyolowa maziwa. Alikohoa tu huko nje, mara mbili, na kwa Luhaga huko ni kusema sana. Paschal aliporudi jioni alinitambua mara moja, akacheka hadi akakaa chini, akamwambia Mama. Mama akasema Paschal amezoea kunitetea tangu utotoni.

Ndipo akalitoa lile ambalo nilidhani limekwisha kufa. Akasema, "Ni kama ile sahani, Milembe." Unaikumbuka? Ile ya maua uliyoipata darasa la tatu kwenye mbio za Sabasaba, nikakunyang'anya njiani, nikafika nyumbani kabla yako nikasema nimeishinda mimi. Ulipokuja unalia Mama alitutazama wote wawili akaamua sawasawa. Kila alipokula ndizi humo alinitania, nikadhani ni utani. Kumbe miaka yote hii amenishika hapo. Safari hii nasema kweli na yeye haoni sura yangu, anaona mtoto aliyebeba sahani ya mdogo wake.

Sasa zipo picha mbili. Wageni wakija anawaonyesha, Nancy mara ya kwanza, Nancy mara ya pili. Wiki hii nimekasirika hata chumvi naisahau kwenye mboga. Nilifikiria kwenda kuing'oa, nikaona nitakuwa nimekuongezea ukuta, na huo utakuwa ujinga.

Kwa hiyo sikuandikii kukupa habari tu. Nakuomba kitu, na kukuomba wewe kumenigharimu kuliko zile kilomita za mwisho. Barua yako ikifika Migato Mama anazima redio na kuamini kila neno. Mdomo wangu unafika pale kila wiki mbili na hauaminiwi. Mwandikie. Usieleze mambo mengi, na usinisifu, maana atajua nimekutuma. Andika hivi tu: Mama, mimi mwaka huu nimekimbia mara moja. Yule wa fremu pana ni Milembe, na alifika mwisho.

Paschal atamsomea, nami nitajitahidi niwepo siku hiyo. Na uje mwezi wa kumi na mbili umpeleke hospitali, kwa kuwa mimi amenikataa. Akifunguliwa macho kwanza atazame ukuta.

Luhaga anakusalimu, Sayi anaomba kalamu za rangi. Wifi Jenifer anasema usimsahau na kile kitambaa cha pazia. Wazee wa kanisani wanakutaja. Mungu akulinde njiani na kazini, akukuzie mtoto, na hiyo miguu yako akuachie, sitaki tena kuiombea mabaya.

Jambo moja la mwisho. Ukiishika kalamu kuniandikia hayo maneno kwa Mama, ukasikia mkono mzito na roho inakuuma kidogo kuniachia nusu ya ukuta, usinifiche. Niambie. Nitafurahi kujua kwamba mara moja tu katika maisha haya na wewe umenionea wivu.

Ni mimi dada yako nikupendaye, na huo wivu wangu wote,
Milembe