Mwanafunzi Wangu Husoma Vizuri Akiwa Peke Yake na Mashine

Mpendwa mshauri, pokea salamu kutoka huku Gesima kwenye baridi, nami naomba msaada wako upesi kwa sababu siku ya wazazi inakaribia na sijui nitasimama vipi mbele yao.

Mimi ni mwalimu wa kike wa darasa la sita, na muhula huu chuo nilichosomea ualimu kimeniazima tepurekoda, ile mashine ya betri ya kunasa sauti, ili ninase vipindi vya shule vya redio na kuwarudishia watoto, na kweli wameipenda, hata waliozoea kuchelewa siku hizi nawakuta mlangoni, basi ulipofika mtihani wa kusoma kwa sauti nikawa nawaita mmoja mmoja mbele ya darasa kama kawaida, mpaka ikafika zamu ya msichana nitakayemwita Zilpa, ambaye akisimama mbele ya wenzake midomo humtetemeka na neno halitoki, na mwaka jana alipewa sufuri kwa sababu hiyo hiyo.

Nikamhurumia. Nikampeleka stoo ya majembe, nikawasha mashine, nikatoka nikafunga mlango. Mshauri, niliporudisha ile tepu nilisikia mtoto anasoma Kiingereza bila kukwama, anapumua penye nukta, hata wahusika wakizungumza anawabadilishia sauti, nami nikampa alama ya juu kuliko wote.

Mwalimu mkuu, nitamwita Jethro, amekataa. "Asiyeweza kusoma mbele ya watu hajasoma," aliniambia. "Hiyo alama umeipa mashine. Mwandikie sufuri." Nikamwomba asikilize, akasema hana nafasi ya michezo. Na babake Zilpa, Mzee Ombui, ameshasema binti akileta sufuri tena basi shule imemshinda, Januari ataanza kuchuma chai. Kwa hiyo nimepanga siku ya wazazi niweke mashine juu ya meza, niifungue sauti yote, kila mtu asikie na Jethro akiwemo. Lakini nilipomwambia Zilpa, aliinamisha kichwa akasema, "Mwalimu, usinifungulie mbele ya watu. Nitatoroka." Nifanye nini?

Mwalimu Mwenye Tepu

JIBU

Mwalimu, jina lako na la shule nimeyaficha, na jibu hili nimelitanguliza kwa posta kwa sababu ukingoja gazeti utakuwa umeshaharibu mambo.

Kumpeleka yule mtoto stoo lilikuwa jambo jema. Walimu wangapi wangemwandikia sufuri na kuita anayefuata? Moyo wako ni mzuri. Haraka yako ndiyo mbaya. Wenzake wamesoma wakikodolewa macho na darasa zima, wakikosea wanachekwa, yeye amesoma peke yake kati ya majembe, kisha unawapanga kwa alama kana kwamba wamefanya mtihani mmoja. Jethro ni mgumu, lakini hapo ana haki ya kulalamika. Na hiyo siku ya wazazi, hebu niambie ukweli, unataka kumsaidia Zilpa au unataka kumwona Jethro akiaibika? Mtoto amekwambia usifanye, na sauti hiyo ni yake, haikuwa yako kwa sababu tu wewe ndiye uliyebonyeza kitufe.

Basi fanya hivi. Futa alama zote, za Zilpa na za wengine. Chagua kifungu kipya na kila mtoto akisome stoo, mlango umefungwa, bila kutaja jina. Halafu mwendee Jethro kwa heshima, peke yenu, umwombe asahihishe pamoja nawe. Ukimwambia unahitaji sikio lake atakuja, nawajua wakubwa wa shule. Mzee Ombui mwite kabla ya siku ya wazazi, na umfungulie tepu iwapo binti mwenyewe amekubali. Akikataa, mwoneshe alama na useme naye kwa mdomo wako. Tena usimfiche Zilpa stoo maisha yake yote. Muhula ujao amsomee rafiki mmoja, kisha wawili. Mashine imekuonesha kwamba anajua kusoma. Kumzoesha watu ni kazi yako wewe.

*

Wasomaji, wakati ukurasa huu ukingoja kuchapwa, mwalimu ameniandikia tena. Jethro alikuja stoo akinung'unika, akaketi juu ya gunia la mbolea, akasikiliza darasa zima. Zilpa hakuwa wa kwanza. Alikuwa wa tatu, na alama hiyo Jethro aliitoa yeye mwenyewe kabla hajajua ni ya nani. Alipoambiwa ni ya Zilpa, akasema, "Iandike. Lakini mwaka ujao nataka kumwona uso."

Zilpa alikubali babake asikilize, mradi naye awemo. Mzee Ombui alivua kofia, akainamia ile mashine, na tepu ilipokwisha akauliza, "Haya yote ameyasoma mwenyewe?" Akaambiwa ndiyo. Akasema chai ataichuma na wanawe wa kiume.

Ila Zilpa hakuridhika. Alisema neno moja amelitamka vibaya. Akachukua kitabu, akarudia ukurasa ule tangu mwanzo hadi mwisho, babake akiwa amekaa hapo, mwalimu amesimama hapo, na mashine imezimwa.